Kupika nyama ya nyumbu kwa mara ya kwanza

Mpishi wa Mwanza anayepata nyama ya nyumbu kwa mara ya kwanza huwa na mazoea mawili yanayomponza. La kwanza ni la samaki: sato huiva upesi, na kila dakika ya ziada humharibu. La pili ni la ng'ombe, ambaye nyama yake hata ikiwa ngumu huja na mafuta yake yenyewe ya kuilainisha motoni. Nyumbu hakubali zoea lolote kati ya hayo. Ni mnyama wa kutembea mwaka mzima, akifuata mvua na majani kati ya Serengeti na Maasai Mara, kwa hiyo misuli yake imefanya kazi nyingi na mafuta yaliyomo ndani ya mnofu ni kidogo mno. Nyama ya namna hiyo hupikwa kwa muda mfupi sana au kwa muda mrefu sana, na anayeishia katikati hupata kitu cha kutafuna tu. Hapa nitashughulikia zaidi njia ndefu, kwa sababu sehemu nyingi za nyumbu zinafaa mchuzi, na mchuzi humvumilia mpishi ambaye bado hajaizoea nyama hii.

Kabla ya kuwasha jiko, hakikisha unajua nyama imetoka wapi. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, nyama ya mnyamapori huhesabiwa kuwa nyara ya Serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa linaloweza kumfunga mtu gerezani, hata kama ni kilo moja tu iliyokusudiwa kitoweo cha nyumbani. Kanuni zilizotungwa mwaka 2020 ziliruhusu mabucha yaliyosajiliwa kuuza nyamapori kihalali. Nunua humo, dai risiti, na uitunze mpaka nyama iishe ndani ya nyumba. Nyama inayoletwa mlangoni gizani kwa bei ya kutupa ikataliwe, na si kwa ajili ya sheria peke yake. Huwezi kujua kama mnyama huyo aliwindwa akiwa mzima au aliokotwa akiwa ameshakufa, na mzoga uliookotwa unaweza kuwa na kimeta, ugonjwa ambao vijidudu vyake hujitengenezea ganda gumu linaloweza kustahimili kuchemshwa. Anayeishika nyama hiyo akiwa na mchubuko mkononi anaweza kuambukizwa hata kabla ya kuipika.

Ukifika buchani, usishtushwe na rangi. Nyama ya nyumbu ina rangi ya damu ya mzee, iliyokolea kuliko ya ng'ombe, na weusi huo hauna maana kwamba imelala. Dalili za kuharibika ni zilezile unazozijua: utelezi unaonata kwenye vidole, harufu chachu, au rangi ya kijani kijani juu ya mnofu. Kwa mchuzi omba shingo, mkono au kidari. Sehemu hizo zina tando na kano nyingi, ambazo zikipikwa polepole hulainika na kugeuka kuwa ute unaoupa mchuzi uzito. Paja huvutia macho kwa kuwa ni mnofu mtupu, lakini kwa maoni yangu ndilo linalowakatisha tamaa wanunuzi wengi, kwa sababu hukauka haraka na halina kitu cha kulirudishia unyevu. Ukiona tundu la risasi kwenye kipande, kata na utupe nyama yote iliyolizunguka kwa upana mkubwa, kwani vipande vidogo vya madini ya risasi hutawanyika kuliko jicho linavyoweza kuona, na hiyo ni hatari zaidi kwa watoto na wajawazito.

Nyumbani, suuza nyama mara moja upesi kisha uikaushe kwa kitambaa safi. Kuiloweka kwenye maji mengi kwa nia ya kuondoa harufu huondoa ladha na kuacha nyama iliyolowa ambayo haitakaanga vizuri. Harufu kali ambayo watu huilalamikia hutoka zaidi kwenye mafuta ya nje na kwenye damu iliyoganda, kwa hiyo chukua kisu kikali na uyaondoe mafuta hayo pamoja na utando mweupe ulio juu. Mafuta ya nyumbu yana tabia nyingine isiyopendeza: huganda haraka sana chakula kinapopoa na kubaki yamenata kwenye kaakaa. Badala yake, mwombe mwenye bucha ya ng'ombe akukatie shahamu kidogo, au tumia mafuta ya alizeti kwa ukarimu.

Sasa tazama mnofu kwa karibu. Utaona nyuzi zimelala kuelekea upande mmoja, wazi zaidi kuliko kwenye ng'ombe. Kisu kipite kwa kuzikata nyuzi hizo, kisizifuate, na kila kipande kiwe na ukubwa wa kutosha, kama sentimita nne kila upande, kwa kuwa vipande vidogo hukauka kabla ya kulainika. Paka chumvi, kijiko cha chai kimoja na nusu kwa kila kilo, kisha zamisha nyama kwenye maziwa mgando na uiache ndani ya friji usiku mzima. Uchachu wa maziwa ni wa polepole na hauumizi nyama. Papai bichi nalo hulainisha, tena kwa nguvu, lakini linahitaji uangalifu: nusu saa inatosha, na likizidi sana uso wa nyama huwa kama uji huku ndani kukiwa kugumu vilevile. Magadi siyapendekezi kabisa. Hulainisha, ni kweli, ila huacha ladha ya sabuni ambayo hakuna kiungo kitakachoifunika.

Kwa kilo mbili za nyama andaa vitunguu maji vinne vikubwa, punje nane za kitunguu saumu, tangawizi yenye urefu wa kidole gumba, nyanya nne zilizoiva, kijiko cha chai cha bizari nzima, pilipili manga, na kikombe kimoja cha karanga za kusaga. Viungo vya pilau ni afadhali vibaki kabatini. Anayemwaga mdalasini, iliki na karafuu kwa wingi kwa kuiogopa nyama atakula viungo hivyo, na hatajua nyumbu ana ladha gani.

Toa nyama kwenye maziwa, ipanguse mpaka ikauke, kisha pasha mafuta kwenye sufuria nzito. Kaanga vipande vichache kwa zamu, visigusane. Ukivijaza vyote kwa pamoja vitatoa maji, mlio wa kukaanga utageuka kuwa wa kutokota, na rangi ya kahawia haitapatikana. Vikishapata rangi vitoe, ukaange vitunguu humohumo mpaka viwe vya dhahabu, uongeze saumu, tangawizi na bizari, halafu nyanya. Nyanya zikivunjika na mafuta yakaanza kujitenga, rudisha nyama na umimine maji ya moto kiasi cha kuifunika tu.

Kuanzia hapo kazi kubwa ni kuvumilia. Punguza mkaa mpaka mchuzi uwe unapandisha povu moja moja ukingoni mwa sufuria, ufunike, na usihesabu chini ya saa mbili na nusu. Kanda ya Ziwa tunahitaji muda zaidi kuliko watu wa Pwani, na sababu yake si uzembe wa jiko: uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Ukiwa na sufuria ya presha, dakika 50 zitatosha, ila iache ipoe yenyewe kabla ya kuifungua, kwani kuitoa mvuke ghafla hukausha nyama.

Katika saa ya kwanza nyama itazidi kuwa ngumu, na hapo ndipo wapishi wengi hukosea kwa kudhani kwamba mnyama alikuwa mzee. Kinachotokea ni kwamba nyuzi za mnofu hujikunja na kukamua maji yake mapema, wakati tando na kano huanza kulegea baadaye sana. Usiongeze moto. Ongeza maji ya moto kidogo kama yamepungua, funika tena, na upime kwa uma kila baada ya nusu saa. Imeiva pale uma unapoingia na kutoka bila kukinyanyua kipande.

Karanga huingia mwisho. Zikoroge kwanza na mchuzi kidogo kwenye bakuli ili zisifanye madonge, zimimine, na ukae na mwiko kwa dakika kumi na tano za mwisho, ukikwangua chini, kwa sababu karanga hushika sufuria upesi na moshi wake huenea kwenye chakula chote. Onja chumvi wakati huo, kwa maana mchuzi umeshapungua na kukolea.

Fileti, ukibahatika kuipata, haimo katika utaratibu huu. Ikate nyembamba kwa kuzikata nyuzi, uikaange kwa moto mkali mpaka wekundu uishe katikati, na uitoe papo hapo. Mishkaki ya sehemu nyingine yoyote ya nyumbu iahirishe mpaka utakapokuwa umeizoea nyama hii.

Andaa mchuzi ukiwa wa moto kabisa pamoja na ugali wa mtama au wa muhogo, ama wali. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa nayo inapatana vizuri na karanga. Wageni waambie mapema ni nyama gani, kwani koo nyingi za kanda hii zina mnyama wasiyemla, na wapo watakaotaka kujua mnyama alichinjwa vipi. Swali hilo muulize mwenye bucha siku ya kununua, usisubiri kuulizwa mezani. Mchuzi utakaobaki weka kwenye friji mara unapopoa. Kesho yake huwa mtamu zaidi, mradi uupashe mpaka uchemke sawasawa na uongeze maji kidogo, kwa kuwa karanga zitakuwa zimeunywa mchuzi wote.