Kadi zisipinde: kuhifadhi mkusanyiko wako kwenye joto na unyevu wa Pwani

Kadi ya mchezo wa Pokémon yenye kung'aa ikiachwa wazi mezani Tanga au Mombasa wakati wa masika, haichukui siku nyingi kabla haijaanza kujikunja. Kiwanda hakina kosa. Kadi hiyo ni karatasi iliyobandikwa utando wa kung'aa upande wa picha. Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kutanuka, utando haunywi kitu, kwa hiyo kadi hupinda na picha huishia upande wa ndani. Ukiona imepinda kinyume, mgongo ukiwa ndani, basi imekauka kupita kiasi. Wanaoishi Ulaya huliona hili majira ya baridi, hita zikiwaka mchana na usiku.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kushughulikia unyevu, kisha ndiyo makava. Kava la plastiki hupunguza mwendo wa unyevu tu, haliuzuii. Na ukivalisha kava kadi iliyokwisha kulowa hewa ya Pwani, umeufungia unyevu humo humo.

Lenga asilimia 40 hadi 50 ya unyevu. Hewa ya Dar es Salaam au Zanzibar mara nyingi hupita 75, kwa hiyo chumba chenyewe hutakiweza. Tengeneza hali hiyo ndani ya boksi. Tafuta boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko na vibanio pembeni, kama yale ya kuhifadhia chakula. Weka ndani kipima unyevu kidogo cha kidijitali, lakini kipime chenyewe kwanza, kwani vya bei nafuu hukosea sana. Chukua chumvi ya mezani kijiko kimoja kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa 12. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 81, andika kwa kalamu mgongoni mwake: toa 6.

Sasa silika, zile punje zinazokuja kwenye vipakiti ndani ya maboksi ya viatu. Wengi hutupia vipakiti viwili na kushangaa kwa nini kipimo hakishuki. Sababu ni kwamba maji mengi hayamo kwenye hewa ya boksi, yamo ndani ya kadi. Kadi moja ina uzito wa karibu gramu 1.8, na karatasi iliyokaa kwenye unyevu wa asilimia 80 inabidi itoe takriban gramu 4 za maji kwa kila gramu 100 za uzito wake ili ifike kwenye 50. Kadi 100, basi, zinatoa karibu gramu 7. Silika katika hali hiyo hubeba maji kama robo ya uzito wake au pungufu. Kwa hiyo weka gramu 30 hadi 40 kwa kila kadi 100. Kadi 1,000 zinataka gramu 300 na zaidi. Kipimo kikishuka chini ya 40, punguza silika.

Nunua silika inayobadilika rangi, ya machungwa badala ya ya bluu, kwa sababu ya bluu ina kobalti, ambayo ni sumu. Ikigeuka rangi, imwage kwenye trei na uiweke kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa 2 au 3, kisha ipoe ndani ya chupa iliyofungwa; ukiipoza wazi itaanza kunywa upya. Mchele usiutumie. Uwezo wake ni mdogo, una vumbi, na fukusi wakija hawatabaki kwenye mchele peke yake.

Kadi zikishakaa boksini siku 3 hadi 5 na kipimo kimetulia, ndipo uvalishe. Nawa mikono, kausha, usipake mafuta. Angalia vipimo: kadi za michezo ya Pokémon na Magic ni milimita 63 kwa 88, za Yu-Gi-Oh! ni 59 kwa 86 na huchezacheza ndani ya kava la wenzake mpaka pembe zichubuke. Chagua makava ya polipropilini au poliesta. Plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali ya pazia jipya la bafuni, hutoa mafuta polepole na kushika uso wa kadi.

Kwa kadi ya thamani tumia makava mawili: la ndani linalobana, mdomo ukiwa chini, kisha la nje mdomo ukiwa juu. Vumbi halipati njia iliyonyooka. Kamua hewa kwa kidole taratibu kutoka chini kwenda juu. Ukitaka kuongeza kava gumu, kadi isiingie humo uchi, kwani ukingo wake hukwaruza. Lile la kawaida ni la unene wa pointi 35 (elfu za inchi), yaani milimita 0.9; kadi nene za soka zenye kipande cha jezi zinahitaji 75 hadi 130. Ukifunga mdomo, tumia tepu ya wapaka rangi na kunja ncha yake upate pa kushika. Selotepu gundi yake huyeyuka kwa joto. Rababendi hukata kingo.

Albamu ziwe na mifuko inayofunguka pembeni, na kama zina pete, pete za umbo la D. Pete za duara hukandamiza kadi za safu ya ndani. Kadi za kawaida zipange wima kwenye boksi, zikigusana bila kubanwa. Nafasi iliyobaki ijaze sponji, maana kadi zilizolala upande hupinda hivyo hivyo.

Boksi lisikae sakafuni, wala lisiegemee ukuta wa nje, wala darini chini ya bati. Mchwa, mende na vile vidudu vya kijivu vinavyokula karatasi na gundi huanzia huko. Naftalini iache kwenye nguo: mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki.

Kosa moja linaharibu kadi nyingi za watu waangalifu. Boksi limekaa chumba chenye kiyoyozi nyuzi 20, linatolewa sebuleni na kufunguliwa hapo hapo. Hewa ya Pwani ikigusa kadi baridi huacha umande juu yake, kama kwenye chupa ya soda. Liache limefungwa saa 2 kwanza.

Kadi iliyokwisha kupinda kwa unyevu irudishe kwenye boksi lenye silika, na ikinyooka iweke chini ya vitabu siku mbili. Usiipige pasi, joto hutenganisha tabaka. Yenye ukungu itenge siku hiyo hiyo kwenye mfuko wake yenyewe, ikauke kwa silika, kisha futa kwa brashi laini ukiwa nje. Madoa yatabaki, lakini zilizokuwa jirani yake zitapona.