Mapigo ya moyo wa mtoto: ya kupanga kabla uchungu haujaanza

Kwa mjamzito wa Faza, Siyu au Kizingitini, kisiwani Pate, cha kutazama kwanza ni maji ya bahari, begi la nguo baadaye. Mlango wa Mkanda, njia ya mashua kati ya Manda na bara, hukauka maji yakipwa, na uchungu haungoji bamvua. Mwenye presha, au aliyezaa kwa upasuaji, ahamie kwa jamaa Lamu mjini wiki chache mapema. Wengine angalau wawe wameshaelewana na nahodha, mchana na usiku.

Kisha msindikizaji. Mama mzazi, somo, wifi, yeyote, mradi asione haya kumuuliza nesi: "Mwanangu, moyo wa mtoto waendaje?" Mwambieni mapema kwamba mapigo ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika, na kwamba uchungu ukishachanganya husikilizwa kila dakika 15 hadi 30, na wakati wa kusukuma kila dakika 5. Mkunga asikilize dakika nzima au zaidi, tumbo likiwa limekaza na angalau nusu dakika baada ya kulegea. Tumbo likikaza, damu iendayo kwenye kondo hupungua; moyo unaochelewa kurudi sawa baada ya hapo ndio wa kutiliwa shaka. Atamshika mama mkono pia, maana mapigo ya mama huweza kudhaniwa ya mtoto.

Msihangaike kutafuta hospitali yenye mashine ya mikanda, ile ifungwayo tumboni kufuatilia moyo wa mtoto. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani halipendekezi mama mwenye afya, aliyeanza uchungu wenyewe, afungwe mashine hiyo muda wote. Dopla ya mkononi, kifaa kidogo cha kusikilizia moyo wa mtoto, yatosha, au ile pembe ya Pinard ambayo mkunga huiweka tumboni na kutega sikio, ambayo umeme ukikatika haina habari.

Dawa za miti za kuzidisha uchungu ziachwe nyumbani, hata kama bibi atanuna: tumbo lisipopata nafasi ya kulegea, mtoto hukosa hewa. Chupa ikipasuka na maji yakawa ya kijani, damu ikitoka, au mtoto akipunguza kucheza, ondokeni saa hiyo hiyo, uchungu uwepo usiwepo.

Mapigo yakishuka, mama atalazwa ubavu na dripu ya kuzidisha uchungu, kama ipo, itasimamishwa. Yasipopanda, huenda ikawa upasuaji. Hilo lizungumzwe na mume kabla hajaenda baharini, na kadi ya kliniki yenye kundi la damu iwe mkobani. Saini ya kukubali ni ya mama mwenyewe. Hakuna haja ya kumngoja mtu arudi na jahazi.