Mizizi ndani ya bomba la choo: badilisha bomba lote, chemba hadi chemba

Nyumba nyingi za zamani za Upanga, Ilala na Oysterbay, Dar es Salaam, zina ugonjwa mmoja: choo kinazibuliwa leo, miezi michache mbele kimejaa tena. Fundi anavuta fungu la nyuzi za kahawia zilizosongamana kama makumbi ya nazi, analipwa, anaondoka. Nyuzi hizo ni mizizi, na mti wenyewe, mwarobaini, uko palepale.

Mizizi hiyo haikutoboa bomba, ilipitia kwenye kiungo. Mabomba ya udongo wa kuchoma ni mafupi, kwa hiyo mstari mmoja una viungo vingi, na viungo hivyo vilizibwa kwa saruji. Saruji haipindi. Ardhi ikititia kidogo inapasuka, unyevu unavuja, na mzizi mwembamba kama uzi unaufuata hadi ndani, ambako unakuta maji na mbolea. Ukiukata kwa fimbo za kuzibulia (zinazoungwa moja kwa moja kama skrubu, na ya mbele ina parafujo) umeupogoa tu, na utachipua matawi mengi zaidi. Kinachotakiwa ni kuviondoa viungo vile vyote, kutoka chemba moja (shimo la kukagulia bomba) hadi nyingine. Kukata kipande kibovu katikati na kuchomeka mita moja ya PVC (bomba la plastiki) sikushauri hata kidogo: unatengeneza viungo viwili vipya kati ya mabomba yenye unene tofauti, na hivyo ndivyo vitakavyoingiliwa kwanza.

Kuhusu kumwaga mrututu (chumvi ya shaba ya bluu) na chumvi ya mawe chooni ili kuua mizizi: acha. Mrututu unaunguza mizizi iliyo ndani ya bomba, lakini kiungo kinabaki wazi, na kama nyumba inatumia shimo la choo, shaba inaua vijidudu vinavyosaga uchafu humo.

Hatua ya 1: Tafuta kipande chenye tatizo

Fungua chemba zote. Iliyojaa na inayofuata ikiwa kavu, tatizo liko kati ya hizo mbili. Kama kipande kibovu kiko nje ya kiwanja chako, kuelekea bomba la mtaa, hiyo si kazi yako. Wapelekee DAWASA au mamlaka ya maji ya mji wako.

Hatua ya 2: Zibua kwanza

Huwezi kuchimba juu ya bomba lililojaa. Ingiza fimbo kutoka chemba kavu, ya chini, ukisimama pembeni kwa sababu maji yatakuja kwa nguvu. Zungusha kulia tu, wakati wa kusukuma na wakati wa kuvuta. Ukizungusha kushoto mara moja, fimbo zinafunguka na parafujo inabaki ndani. Vaa glavu na buti, na usiingize kichwa wala mwili ndani ya shimo la choo au chemba yenye kina. Hewa ya humo inaua mtu kabla hajapiga kelele.

Hatua ya 3: Pima, ndipo ununue

Pima urefu kati ya chemba, na tofauti ya kina kati ya sakafu zake. Tumia mpira wa maji unaoona ndani, ule wa mafundi ujenzi. Kwa umbali huu naupendelea kuliko pima maji ya mkononi, ambayo kosa lake dogo linajirudia kila unapoisogeza.

Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Mita 12 zinahitaji sentimita 30. Ikipatikana pungufu, bado linafanya kazi mradi kuna choo cha kuflashi juu yake na usishuke chini ya sentimita 1.25 kwa mita. Chini ya hapo, suala si mizizi tena, ni kuishusha chemba ya chini.

Kwa mita 12: PVC ya milimita 110 (ndiyo ya inchi 4) ya ukuta mnene, vipande 2 vya mita 6 na nusu kipande cha akiba; soketi (viunganishi vya bomba) 4 zenye mpira ndani; gundi ya PVC mpya; saruji mfuko 1; mchanga laini mita za ujazo 1.6. Yale mabomba mepesi yanayobonyea ukiyaminya kwa kiganja, yaache dukani.

Hatua ya 4: Chimba na ukate mizizi

Upana wa sentimita 45, kina kizidi sentimita 10 chini ya bomba jipya kwa ajili ya mchanga. Mizizi ya unene wa kidole kata kwa msumeno mkali, sawasawa na ukuta wa mtaro. Shoka linaupasua mzizi na jeraha linaoza. Mzizi wa zaidi ya sentimita 5 ulio karibu na shina usiuguse, chimba chini yake upitishe bomba. Mti ukikosa mizizi minene upande mmoja unaweza kuangukia nyumba msimu wa upepo.

Bomba la udongo livunje utoe vigae vyote. Lakini ukikuta bomba la kijivu la saruji lenye nyuzinyuzi pale lilipovunjika, hiyo ni asbesto. Usiliguse kwa mashine ya kukatia wala nyundo, vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Chimba mtaro mpya pembeni na hilo uliache ardhini.

Hatua ya 5: Laza bomba

Mchanga sentimita 10, uzi uliofungwa kwa mteremko uliopima, bomba likae juu ya mchanga kwa urefu wake wote. Chini ya kila soketi fukua kijishimo, vinginevyo bomba linalalia soketi na kuning'inia katikati. Usiliinue kwa mawe.

Kazi hii ifanye asubuhi na mapema. PVC iliyolala juani inarefuka: mita 12 zikipanda nyuzi 25 zinaongezeka karibu sentimita 2. Ukiunga saa saba mchana kwa gundi tupu na kufukia, usiku bomba linafupika na kuvuta viungo. Ndiyo sababu ya soketi zenye mpira.

Hatua ya 6: Bomba linapopita kwenye ukuta wa chemba

Hapa ndipo kazi nzuri zinapoharibikia. Bomba jipya, mteremko safi, halafu linapenyezwa ukutani na kupigwa lipu. Mwaka haujaisha, mizizi inaning'inia ndani ya chemba, imezunguka mdomo wa bomba kama shanga.

Sababu ni kwamba saruji haishiki PVC. Bomba ni laini kama sahani, na saruji ikikauka inanywea na kuacha mwanya kulizunguka lote. Kwa macho huuoni, ila mzizi mchanga unapita. Kuongeza saruji, au kuichanganya kali zaidi, kunaongeza kunywea.

Kinachoshika ni mchanga uliogundishwa kwenye bomba lenyewe. Pima unene wa ukuta, utie alama kwenye bomba sehemu itakayokaa ndani yake. Kwaruza sehemu hiyo kwa msasa mpaka mng'ao wote uishe. Paka gundi nene kuzunguka, na kabla haijakauka, maana una nusu dakika tu, libiringishe kwenye mchanga mkavu wenye chembe kubwa. Liache hadi kesho. Pitisha kiganja: likwaruze kama ngozi ya papa. Palipo na upara, rudia. Mchanga ukiwa na unyevu hata kidogo hautashika, kwa hiyo uanike siku nzima. Gundi iliyoganda kama uji kwenye kopo itupe. Mchanga wa pwani usitumike hapa wala kwenye saruji, una chumvi.

Tundu la ukutani lipanue kwa tindo, nafasi ya sentimita 3 kuzunguka bomba. Lilowanishe. Changanya saruji 1 kwa mchanga 3, ngumu kiasi cha kufinyangika mkononi. Anza kujaza chini ya bomba, ukishindilia kwa kijiti, kisha pembeni, mwisho juu. Ukianzia juu, chini panabaki pango, nawe ukisimama huoni. Ukishajaza funika kwa gunia lenye maji siku 3.

Kuna mambo mawili mengine kwenye ukuta huohuo.

La kwanza ni urefu wa mdomo. Bomba la udongo lilikuwa nene, kwa hiyo tundu lake ni kubwa, na PVC ukiiweka tu inakaa chini kuliko mfereji wa chemba. Maji yanatuama mdomoni na karatasi zinaanza kushika. Iinue kwa vipande vya vigae hadi sakafu ya ndani ya bomba na ya mfereji ziwe sawa. Pitisha kidole: kisigonge kidato.

La pili ni kutitia. Chemba ni nzito, bomba ni jepesi, na haziendi chini kwa pamoja. Ukiligandisha bomba refu ukutani, litavunjika nje kidogo tu ya ukuta. Weka soketi ya mpira isiyozidi sentimita 15 kutoka uso wa nje wa ukuta, kisha kipande kifupi kisichozidi sentimita 60, kisha soketi nyingine ya mpira, ndipo bomba refu liendelee. Kile kipande kifupi kitainama na chemba bila kuvunja chochote. Ndiyo maana soketi ni 4, mbili kila upande. Kama mabomba yako hayana mdomo uliopanuliwa wa kuingizia bomba jingine, nunua ya 5 kwa ajili ya katikati. Mpira upake sabuni ya maji, kamwe si oili au grisi, zinauvimbisha. Futa kijia cha mpira kwa kitambaa kabla. Chembe moja ya mchanga hapo ni mvujo. Sukuma bomba hadi mwisho, kisha lirudishe sentimita 1 lipate pa kurefukia.

Ukiwa hapo kagua lipu ya chemba yenyewe. Penye ufa bandua, upige upya.

Hatua ya 7: Jaza maji kabla ya kufukia

Acha mdomo wa chini utokeze kidogo ndani ya chemba. Siku ya nne uvalishe kofia ya bomba, na uikingie kwa ubao uliobanwa kwenye ukuta wa pili, kwa sababu maji ya kimo cha mita 1 yanaisukuma kwa uzito wa karibu kilo 10. Jaza kutoka juu, weka alama, subiri nusu saa. Maji yakishuka, tembea mtaroni ukigusa chini ya kila soketi kwa mkono mkavu. Yakitulia, kata mdomo usawa na ukuta.

Hatua ya 8: Fukia

Mchanga pembeni na sentimita 10 juu, ushindilie kwa miguu. Kisha udongo usio na mawe, tabaka za sentimita 20. Juu ya bomba pabaki sentimita 60 bustanini, 90 panapopita gari. Panapokosekana kina, mimina bamba la zege juu ya ule mchanga, lisiguse bomba. Kulizungushia bomba zege lote ni kurudia kosa la viungo vya saruji. Fungua chemba zote mbili kiangazi cha kwanza, mizizi inapotafuta maji zaidi, ukamulike kwa tochi pale ukutani.