Kupanda Mlima Meru: baridi ya kileleni ianze kukushughulisha ukiwa Arusha

Wakazi wa Arusha huuona Meru kila wakifungua dirisha, ndiyo maana wengi huuchukulia mwepesi. Una mita 4,562. Kati ya watu niliowaongoza wakarudi bila kufika kileleni, wachache walishindwa na miguu. Wengi waliloa, kisha baridi ikawamaliza. Kwa hiyo naanzia mbali kidogo na mlima.

1. Chagua mwezi. Epuka masika, Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba. Juni na Julai baridi ni kali lakini kavu, na baridi kavu inavumilika.

2. Funga begi. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6. Usiku wa Arusha ukiwa nyuzi 15, kileleni ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri, na upepo bado hujauhesabu. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, maana pamba ikilowa jasho haikauki. Juu yake vaa sweta zito, halafu jaketi lisilopitisha maji wala upepo. Mitumbani utavipata, hata soko la Memorial pale Moshi. Ongeza glavu jozi mbili, kofia ya sufu, tochi ya kichwani na betri za akiba.

Nguo za usiku wa kilele zifunge peke yake kwenye mfuko usiopitisha maji, usiziguse hadi usiku huo. Nasisitiza hili kuliko yote. Rambo usitegemee, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019.

3. Lango la Momella hadi kibanda cha Miriakamba (mita 2,514). Askari mwenye bunduki huongozana nanyi kwa sababu ya nyati. Usimpite, wala usibaki nyuma ukipiga picha.

4. Miriakamba hadi kibanda cha Saddle (mita 3,570). Ukishakula na kupumzika, panda Meru Ndogo, mita 3,820, hata kama umechoka. Kupanda juu na kurudi kulala chini kunauzoesha mwili hewa nyepesi. Saa 1 jioni uwe kitandani.

5. Usiku wa kilele. Tunaondoka saa 7 au saa 8 usiku. Toka kibandani ukihisi baridi kidogo. Ukianza na joto, nusu saa tu umelowa jasho. Chupa ya maji igeuze kichwa chini: maji huanza kuganda upande wa juu, hivyo mdomo wa chupa utabaki wazi.

Baada ya mahali paitwapo Rhino Point njia inafuata ukingo wa kreta (shimo la volkano), majivu na mawe, kupanda na kushuka. Hapo msikilize upepo. Ukikulazimisha kuinama na kushika mwamba, geuka. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida, lakini ukianza kutapika au kuyumba, shuka papo hapo, usisubiri kupambazuke. Hali ikiwa njema, jua litachomoza nyuma ya Kilimanjaro, nawe unatazama koni ya majivu chini kwenye kreta. Furahia, kisha ondoka mapema, kwa kuwa mawingu hupanda kadiri asubuhi inavyosogea.

6. Kushuka. Siku hiyohiyo tunarudi Miriakamba, zaidi ya mita 2,000 kwenda chini. Kucha za miguu uwe umezikata nyumbani. Pale Saddle vua viatu, kung'uta mchanga, badili soksi, kaza kamba upya kabla ya kuingia msituni.