Kutia manyoya kwenye koti la picha kwa GIMP, na pale nlipotoka jasho

Mamangu mdogo ni fundi cherehani hapa Lamu, mtaa wa Langoni, kazi yake mabuibui na kanzu na sare za madrasa. Juzi akapata oda ya ajabu, mtoto wa jirani aliyeolewa Uswidi anataka koti la baridi lenye manyoya ukingoni mwa kofia, yale ya bandia, lakini kabla kitambaa hakijakatwa anataka aone litakuwaje. Manyoya yenyewe hapa kisiwani hayako, mpaka yaagizwe Mombasa au Isili kule Nairobi, na nani atatoa pesa kuagiza kitu ambacho mteja hajakikubali? Basi akanletea picha ya koti tupu limevishwa sanamu. "Mwanangu, nitilie manyoya hapa, si ni kubonyeza tu?"

Si kubonyeza tu. Ilinichukua siku mbili, na katika hizo siku moja nzima ilienda kwa kitu cha dakika tano, ntakieleza tukifika. Naandika ili wewe usipitie.

Natumia GIMP 2.10, programu ya bure ya kuhariri picha, kwenye laptopu ya zamani ya ramu GB 4, na kipanya cha kawaida, sina kalamu ya kuchorea. Photoshop ni nzuri sikatai, lakini kulipa kila mwezi kwa kazi za kadi za harusi na picha za paspoti mimi sioni hesabu yake. Krita, programu nyingine ya kuchora, kama una kalamu nakushauri uende huko moja kwa moja, brashi zake ni tamu kuliko hizi. Na msinambie akili mnemba. Nilijaribu, manyoya ikatia vizuri tu, lakini ikabadilisha vifungo na mshono wa bega pia, sasa fundi ashone koti gani, la mteja au la kompyuta?

Kabla hujagusa kitu katazame manyoya ya kweli. Lamu paka hawatafutwi, toka nje saa kumi jioni utamkuta mmoja kalala barazani na jua linampiga kwa ubavu. Mchuchumalie. Utaona nywele ni za aina mbili, kuna zile fupi laini za chini zimeshikana kama pamba, halafu kuna singa ndefu chache zinazopenya juu. Utaona pia ncha hazikai moja moja kama fagio, zinakusanyika vishungi vishungi, kila kishungi kina ncha yake. Na shinani ni giza maanake mwanga haufiki, kwenye ncha ndo panang'aa, na jua likiwa nyuma yake ukingo wote unawaka kama taa. Paka wetu wana nywele fupi kwa hiyo mimi nilimalizia kwa mbuzi wa jirani mwenye ndevu, nikampiga picha mbili tatu za karibu nikaziweka pembeni ya skrini. Ukiruka hapa utachora nyasi. Nakwambia utachora nyasi, kila anayeanza anachora nyasi.

1. Picha

Iwe kubwa, yangu ilikuwa na urefu wa piseli 3000. Safisha nyuma, weka koti kwenye leya yake, yaani tabaka lake peke yake. Hii mnajua.

2. Brashi ya kishungi

Usitafute brashi ya manyoya ya bure mtandaoni, nyingi zina kishungi kimoja tu na kikijirudia mara mia jicho linakishika pale pale. Tengeneza yako, nusu saa tu.

Fungua picha mpya ya 200 kwa 200, ibadilishe iwe "Grayscale", nyuma nyeupe. Chora kwa nyeusi kishungi cha nywele saba nane, shina liko katikati kabisa ya mraba na ncha zinaenda juu. Katikati, sio chini. Mimi mara ya kwanza nilichora shina chini kabisa ya mraba kwa sababu ndo inavoonekana sawa, kumbe brashi inagonga kwa kitovu chake, nywele zote zikakaa nusu nje nusu ndani ya mstari kama mtu aliyepanda punda vibaya. Kwa hiyo nusu ya chini ya mraba iache tupu, usiionee huruma.

Nywele ziwe nene kidogo shinani na zichongoke juu, zipinde kidogo, mbili zigusane ncha. Kisha ongeza leya nyingine nne, kila moja kishungi chake: kimoja kilalie kushoto, kimoja kulia, kimoja kifupi kimejaa, kimoja kina nywele mbili tu ndefu. Kila leya iwe na nyeupe yake nyuma na uiondolee alfa, yaani ule uwazi wa leya. Hili la alfa na la kijivu usilipuuze, brashi ikiwa ya kijivu, basi nyeusi inakuwa wino na itachukua rangi yoyote utakayoweka, ila ukiihifadhi ya rangi basi itapaka rangi yake ile ile mpaka kiama hata ukichagua nyekundu. Nimeshaona watu wanalalamika ati GIMP ni mbovu, na tatizo ni hilo tu.

Itoe kwa "Export As" kwa jina linaloishia .gih ndani ya folda ya brashi (njia yake utaiona kwenye "Preferences", sehemu ya folda). Kidirisha kitauliza idadi, andika 5, na namna ya kuchagua weka "random". Ukiacha zifuatane kwa zamu utapata mchoro unaojirudia kama leso. Nafasi kati ya pigo moja la brashi na jingine mimi naweka asilimia 12. Rudi kwenye orodha ya brashi, bonyeza kuisoma upya, itatokea.

3. Brashi igeuke kufuata mstari

Hapa unaingia kwenye "Dynamics", mipangilio ya vile brashi inavyobadilika ikiwa inapaka. Zile zilizokuja na programu zimefungwa, ukizifungua kila kitu kiko kijivu huwezi kutia tiki, sio kwamba yako imeharibika, unda mpya upe jina lako. Kwenye mstari wa pembe tia tiki kwenye "Direction" peke yake. Kwenye mstari wa ukubwa tia tiki "Random". Basi, vingine achana navyo. Ule ulalo wa huku na huku tushautia ndani ya vishungi vyenyewe, huna haja ya kuuomba tena.

Kisha kwenye vifaa vya brashi washa "Apply Jitter" kidogo tu, ili mashina yasipange foleni kama watoto wa shule.

4. Kupiga safu za manyoya, na siku yangu iliyopotea

Kwa mkono na kipanya huwezi kuzungusha safu ya manyoya kichwani mwa kofia ikatoka sawa, usijidanganye. Unachora njia kwa kile kifaa cha "Paths", kisha unaiambia programu ipitishe brashi juu yake kwa "Stroke Path". Nukta chache, tatu au nne, zivute mikono yake mpaka upinde ukae na ukingo wa kofia. Nukta nyingi zinaleta kona, na penye kona vishungi vinarundikana.

Sasa sikiliza. Nilichora njia, nikachagua brashi yangu, nikachagua dynamics yangu, nikapitisha. Vishungi vyote vikaangalia juu. Vya kushoto juu, vya kulia juu, vya kidevuni juu, koti limekuwa kama limepigwa shoti ya umeme. Nikijaribu kwa mkono brashi inageuka vizuri kabisa, nikipitisha kwenye njia inakataa. Nikafuta dynamics nikaunda upya. Nikachora vishungi upya. Nikaondoa GIMP nikaiweka tena, na kwa intaneti yangu ya bando hiyo peke yake ni habari nyingine. Adhana ya magharibi imenikuta bado niko pale, chai imepoa, mama mdogo amepiga simu mara mbili sijapokea.

Kumbe kwenye kile kidirisha cha kupitisha, ukichagua kutumia kifaa cha kupakia badala ya mstari wa kawaida, chini kabisa kuna kijisanduku kimeandikwa "Emulate brush dynamics". Kinakuja bila tiki. Bila ile tiki ule mwelekeo uliopanga hatua ya tatu hausomwi. Tia tiki, pitisha, wallahi manyoya yakageuka kama mchezo. Nikacheka peke yangu chumbani.

Ukishatia tiki kuna mtego wa pili, mwelekeo wa njia. Ukichora kuanzia kidevu cha kushoto ukapanda juu ukashuka kulia, yaani kama mshale wa saa, vishungi vinaangalia nje. Ukianza kulia vinaangalia ndani, usoni. Vyote viwili utavihitaji kwa sababu manyoya ya kofia yanamwagika pande zote mbili, lakini chora njia mbili, moja ianze huku na moja ianze kule. Jaribu kwanza kwenye kistari kifupi pembeni kabla hujapitisha ukingo mzima, maana kwenye mashine yangu kila upitishaji ni kungoja.

Na mtego wa tatu, huu hakuna programu itakayokuonya, ni mpangilio wa safu. Nilipitisha safu ya ndani kwanza nikaenda nje, ikatoka mbaya, kila safu inaonyesha mashina yake wazi kama meno. Nikakaa nikiangalia dirishani, mafundi wanaezeka banda la jirani kwa makuti. Fundi wa makuti anaanza wapi? Chini ukingoni, anapanda kwenda mgongoni, kila safu inafunika mafungo ya iliyo chini yake. Akianza juu nyumba itavuja na watu watamcheka. Manyoya ni hivo hivo, anza safu ya nje kabisa ile ncha zake zinafika mbali, kisha rudi kidogo kidogo kuelekea mshononi, kila safu leya yake mpya juu ya iliyotangulia. Mimi nilipiga tano upande wa nje na nne upande wa usoni, zikakutana katikati ambapo mashina ya pande zote mbili yanafichana. Chini ya zote kuna leya moja ya rangi ya giza iliyopakwa kwa brashi laini, ile ndo pamba ya chini, bila hiyo kitambaa kitachungulia.

Kati ya safu na safu funga alfa ya leya ili rangi ishike penye nywele tu, chukua brashi laini ya giza, pitisha shinani tu. Hapa ndo kina kinapatikana. Watu wanaongeza nywele wakidhani uhalisia ni wingi, wanaongeza mia mbili zaidi, wakati kilichokosekana ni giza la shinani.

5. Rangi

Usitumie nyeusi tupu wala nyeupe tupu. Kwa manyoya ya kahawia nilianza na kahawia ya kahawa chungu, safu za kati rangi ya makumbi ya nazi, za mwisho rangi ya mchanga wa Shela. Mwanga kwenye koti ulikuwa unatoka kushoto kwa hiyo safu za kushoto nikazing'arisha kidogo.

6. Nywele zilizopotea njia

Kifaa cha kuvuta rangi kama kwa kidole, "Smudge", ukubwa piseli 4 au 5. Vuta ncha hapa na pale, ishirini thelathini, zivuke mpaka, nyingine ziingie juu ya kitambaa. Usizidishe, ukizidisha ni kama paka aliyenyeshewa.

7. Kivuli

Leya chini ya manyoya, juu ya koti, mtindo wa "Multiply", ule unaotia giza kilicho chini yake. Paka kahawia giza kufuata ukingo, itie ukungu, sogeza upande ule ambao mwanga hautoki. Bila kivuli manyoya yanaelea. Kisha unganisha manyoya yote kwenye nakala, leya zenyewe uziache, na utie ukungu kidogo sana, piseli nusu, kwa sababu nywele ulizochora ni kali kuliko picha ya simu na jicho linajua hata kama mtu hajui kusema kwa nini.

8. Kutuma

Toa JPEG ubora 90 kwenda juu, na kwenye WhatsApp itume kama faili, sio kama picha, maanake ikitumwa kama picha inabanwa na singa zote zinakuwa uji. Mimi nilituma kama picha. Mteja akajibu kutoka Uswidi, "mbona ni kama taulo?" Nikatuma tena kama faili, akanyamaza robo saa, kisha akamwandikia mama mdogo ati sawa, ila upande wa usoni yapunguzwe urefu, yatamwingia mdomoni akila.

Nikafuta safu moja ya ndani. Leya yake ilikuwa peke yake, dakika moja.