Kuzoesha Injini ya Tabo Baada ya Kufumuliwa: Mwongozo kwa Madereva wa Dodoma

Mtu akishafumuliwa na kuundiwa upya injini yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya silinda) kama EJ20 ya Subaru au 1JZ-GTE ya Toyota, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kwamba aendeshe polepole, asizidi kilomita 60 kwa saa mpaka atimize kilomita 1,000. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini umechanganya mambo mawili yasiyofanana. Mizunguko mikubwa na joto la kupindukia ni hatari kwa injini mpya, hilo halina ubishi. Mzigo wa kadiri, kwa upande mwingine, ndio unaoizoesha, yaani unaozifanya sehemu zake mpya zikae na kulingana, na injini iliyodekezwa mwezi mzima inaweza kuishia kula oili miaka yote itakayobaki garini.

Sababu iko kwenye ringi, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Baada ya silinda kuchongwa, fundi huacha kwa makusudi mikwaruzo myembamba inayokatana mshazari ukutani, ili ishike oili na pia isuguane na ringi mpaka pande hizo mbili zilingane. Ringi ya juu haibanwi ukutani na ukakamavu wake peke yake. Gesi ya mwako hupenya nyuma yake na kuisukuma nje, hivyo kadiri shinikizo ndani ya silinda linavyokuwa kubwa, ndivyo ringi inavyokaa vizuri. Injini ikiachwa kuunguruma muda mrefu bila gari kutembea, au ikiendeshwa kwa mguu mwepesi kupita kiasi, shinikizo hilo halipatikani. Oili huungua ukutani na kuacha utando mgumu unaong'aa, na mikwaruzo ikishazibwa na utando huo, dawa yake mara nyingi ni kufungua injini tena. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mapema sana, katika saa na kilomita za mwanzo, kwa hiyo mpango wote uwe tayari kabla ya ufunguo kuzungushwa.

Tumia oili ya kawaida ya madini, si ya sintetiki, yenye uzito aliouchagua fundi kulingana na nafasi alizoziacha kwenye beringi. Zipo injini zinazotoka kiwandani na sintetiki tangu siku ya kwanza, lakini kuta za silinda zao zimelainishwa kwa mitambo ambayo karakana nyingi hazina, na oili ya madini ni nafuu kwa kitu kitakachomwagwa baada ya muda mfupi. Jaza filta oili kabla ya kuifunga ikiwa mkao wake unaruhusu, weka oili kwenye tundu la tabo linaloingiza oili, kisha chomoa plagi zote, zima mfumo wa petroli, na uzungushe injini kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Usiwashe injini kabla geji haijaonyesha shinikizo. Katika injini za Subaru zenye tabo, kagua pia kichujio kidogo kilichomo kwenye bolti ya bomba la oili liendalo kwenye tabo, kwa sababu kikiziba tabo hufa mapema, na fundi aliyekagua kila kitu kingine anaweza kukisahau.

Mfumo wa kupozea utolewe hewa yote, hita ikiwa imefunguliwa upande wa joto, na feni zihakikishwe kwamba zinafanya kazi. Hewa iliyobaki kwenye silinda hedi huweza kuunguza gasketi mpya hata mshale wa joto ukiwa umetulia.

Injini ikiwaka, ipandishe hadi mizunguko 1,500 au 2,000 kwa dakika na uibadilishe kidogo kidogo, huku mtu mwingine akitazama kama kuna uvujaji. Ikifika joto lake la kawaida, hakikisha muda wa kuchoma (wakati plagi inapotoa cheche) na mchanganyiko wa petroli na hewa viko sawa, uizime, iache ipoe, kisha ongeza maji ya rejeta na oili palipopungua. Injini za V8 za zamani zenye tapeti bapa na fimbo za kusukuma ndizo zinazohitaji kukaa kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 au 30 ili kuizoesha kamshafti (mhimili unaofungua vali). Kuifanyia EJ20 au 1JZ hivyo ni kupoteza muda ambao ringi zilikuwa zinauhitaji barabarani.

Safari ya kwanza ifanyike alfajiri, hewa ikiwa bado ya baridi na barabara ikiwa wazi. Barabara ya kwenda Morogoro ina malori na mabasi mengi, na kupunguza mwendo ghafla mbele yao ni kujitafutia ajali. Barabara ya Kondoa ukishapita Msalato, au ile ya Singida kuelekea Bahi, inafaa zaidi, mradi uheshimu kikomo cha kilomita 50 kwa saa kila unapopita makazi. Injini ikishapata joto, weka gia ya tatu, anza kwenye mizunguko kama 2,500, kanyaga mafuta nusu na uache gari lipande mpaka 4,000, kisha ondoa mguu kabisa bila kutoa gia na uliache lishuke lenyewe. Katika kushuka huko, mvuto ndani ya silinda huinua oili hadi kwenye ringi, ikaziosha na kuzipoza. Rudia mara nane au kumi, ukipumzisha injini kwa mwendo wa kawaida kati ya mara moja na nyingine, na mara za mwisho ukanyage robo tatu. Busti, yaani shinikizo la hewa inayosukumwa na tabo, ibaki ile ndogo kabisa ambayo tabo inaruhusu bila kuongezwa. Ukisikia mlio wa kugonga, au shinikizo la oili likashuka chini ya psi 10 (psi ni kipimo cha shinikizo) kwa kila mizunguko 1,000, simama na uzime palepale. Gharama ya kuvutwa hadi nyumbani ni ndogo kuliko ya kranki, mhimili mkuu wa injini.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu kwa takribani asilimia 12 kuliko la pwani. Injini isiyo na tabo hapa itahitaji mguu mzito kidogo ili ipate mzigo uleule ambao ingeupata Dar es Salaam. Yenye tabo hujifidia, lakini tabo yenyewe huzunguka kwa kasi zaidi kufikia busti ileile, nayo hupata joto zaidi. Pia injini nyingi za tabo za Japani za miaka ya 1990 zilipangwa kwa petroli ya huko kwao yenye oktani ya juu, yaani inayostahimili zaidi kugonga, kwa hiyo mwambie fundi wa kompyuta aache muda wa kuchoma ukiwa wa tahadhari mpaka uzoeshaji uishe. Halafu kuna vumbi. Filta za wazi zenye umbo la uyoga zinapendeza boneti ikifunguliwa, lakini kiangazi, upepo unapoinua vumbi jekundu, huruhusu chembe ambazo zitasaga ringi kabla hazijakaa. Rudisha boksi la filta la kiwandani na filta mpya ya karatasi, angalau kwa kipindi hiki. Binafsi ningeliacha humo daima.

Ukirudi kutoka safari hiyo, mwaga oili ingali ya moto na ubadilishe filta. Kata filta kuukuu na uichunguze juani. Unga mwembamba wa kijivu unaometameta ni wa kawaida, kwani ndio chuma kilichosuguliwa. Vipande vinavyoonekana kwa macho, hasa vya rangi ya shaba, ni vya beringi, na gari lisitembee tena kabla fundi hajaviona. Badilisha oili tena kwenye kilomita 500, kisha kwenye 1,500, na hapo ndipo sintetiki inaweza kuingia. Katikati ya vipindi hivyo, endesha kwa kubadilisha mwendo, epuka kasi moja kwa saa nzima, pandisha kikomo cha mizunguko hatua kwa hatua, na uangalie dipstiki kila asubuhi, kwa sababu oili kupungua kidogo mwanzoni kunatarajiwa, ila kupungua kusikokoma baada ya kilomita 1,000 kunaashiria ringi ambazo hazijakaa.

Kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo linalojengeka silinda inapobana hewa, kifanyike baada ya kilomita 1,500, injini ikiwa ya moto na kikanyagio cha mafuta kikiwa kimekanyagwa hadi mwisho. Silinda zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10. Tarakimu zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari huwa ni za usawa wa bahari, hivyo silinda inayotakiwa kusoma psi 170 itasoma karibu 150 hapa Dodoma ikiwa nzima kabisa, na fundi asiyelijua hilo anaweza kukushauri ufumue injini isiyo na kasoro.