Wiki mbili za kwanza baada ya kuacha methamfetamini

Siku 3 hadi 5 za mwanzo mtu aliyeacha dawa hii ya kulevya atalala mno, ataamka na njaa kali, atakuwa mzito na mwenye huzuni. Mwache alale. Akiamka mpe maji, uji wa ulezi, kisha ugali na sato. Mdomo umekauka na meno huenda yanauma, hivyo anza na vyakula laini.

Usimtafutie methadoni, hiyo ni ya heroini. Methamfetamini haina dawa mbadala ya namna hiyo; kinachosaidia ni ushauri nasaha wa kila wiki kwa miezi kadhaa, na zawadi ndogo kila kipimo cha mkojo kinapotoka safi.

Akisikia sauti, akidai anafuatiliwa, au akitaja kufa, usibishane naye. Ondoa visu na kamba, asibaki peke yake, mpeleke idara ya magonjwa ya akili, hospitali ya Bugando, Mwanza. Mwili ukichemka sana au kifua kikibana, hiyo ni dharura.

Hamu hurudi ghafla hata baada ya wiki nyingi. Kwa mvuvi wa dagaa hatari ni siku za giza, mwezi usipoonekana: kukesha ziwani, kisha pesa taslimu mwaloni, samaki wanaposhushwa. Msimu huo akae nchi kavu, malipo yapokelewe na ndugu.